Daftari la Kelele la Mzee Ogushi

Ubaya wa Mikako Hamaguchi ni kwamba mwandiko wake ulikuwa mzuri. Angekuwa na mwandiko wa kuparura kama wa mumewe, huenda mtu angegundua kwamba siku ile anajaza kijitabu mkono ulikuwa unamtetemeka. Lakini wapi. Kila ukurasa wa kijitabu cha mama na mtoto, kile ambacho manispaa humpa kila mwanamke mara tu mimba inapothibitishwa, ulikuwa umejazwa kwa wino mweusi, herufi zimesimama wima. Mtoto ananyonya vizuri? Ndiyo. Analala vizuri? Ndiyo. Hulia mpaka mama ukakosa la kufanya? Hapana. Unaona ugumu katika malezi? Hapana. Sasa ilikuwa miaka minane baadaye, Jumanne ya mwezi wa kumi, na zile Hapana zilikuwa zimelala wazi juu ya meza ya chakula. Mikako alitamani azikwangue kwa kisu.

Mlangoni, pale pa kuvulia viatu, binti yake Chinatsu alikuwa amekaa. Kiatu cha kulia kiko mguuni, cha kushoto kiko mkononi, na mkoba mwekundu wa ngozi alionunuliwa na bibi yake uko mgongoni. Alikuwa amekaa hivyo tangu saa moja na dakika ishirini, na sasa ilikuwa saa mbili kasoro. Wenzake wa darasa la pili walikuwa wameshapita chini kwa mstari, mkubwa wao akiwa na bendera ya manjano. Chinatsu hakuwa anafanya fujo yoyote. Machozi yalimtoka bila sauti na kudondokea ndani ya kiatu.

"Tumbo," akasema.

"Tumbo la jana au la leo?"

"La leo."

"La jana limepona?"

Chinatsu akafikiri sana, maana ni mtoto anayejibu maswali kwa uangalifu. "La jana liliisha, likaja hili."

Ilikuwa siku ya ishirini na tatu bila kwenda shule. Mikako akapiga simu shuleni, maana usipopiga kabla ya saa mbili na robo wanakupigia wao, na hilo ni baya zaidi. Akapokea mwalimu mkuu msaidizi, kwa sauti yake ya asali. "Ahaa, Mama Hamaguchi. Leo tena tumbo? Pole yake. Mwambie marafiki zake wanamsubiri." Marafiki gani? Mtoto hana hata mmoja. Kisha Mikako akapiga dukani, jikoni ambako anakaanga maandazi ya viazi tangu saa tatu hadi saa nane. Huko asali haikuwepo.

"Mama Hamaguchi," akasema msimamizi, kijana aliyezaliwa Mikako akiwa tayari kidato cha pili, "viazi havijikaangi."

"Najua. Samahani sana."

"Samahani yako ya jana bado ninayo hapa, sijaitumia."

Mikako akainamia simu mara tatu, kama vile yule kijana anamwona.

* * *

Mama mkwe wake, Fusae, aliingia kwa ufunguo wake mwenyewe, figili kubwa kwapani, nusura amkanyage mjukuu.

"He! Chinatsu, bado uko hapa? Utaota mizizi." Akamruka, akavua viatu, akaingia moja kwa moja mpaka mezani. Fusae ana miaka sabini na moja na anaendesha baiskeli kama mtu anayedaiwa. Macho yake yakatua kwenye barua. "Hii ndiyo ya daktari?"

"Ndiyo, mama. Keshokutwa saa nne."

Miezi saba walisubiri nafasi kwa daktari wa akili za watoto. Barua ilisema waje na kijitabu. Chini yake kulikuwa na karatasi nyingine, na hiyo ndiyo iliyomkosesha Mikako usingizi: fomu ya kuombea Chumba cha Alizeti. Shuleni kwa kina Chinatsu kuna darasa la watoto thelathini na sita, na kuna Chumba cha Alizeti, watoto sita, walimu wawili, pazia dirishani na kona ya kujificha yenye mito. Chinatsu alipelekwa kukiona mara moja tu. Alikaa kwenye kona ile saa nzima, na alipotoka akasema, "Hapa tumbo haliumi." Nafasi ilikuwa moja. Fomu ilitakiwa irudishwe Ijumaa, na maoni ya daktari na muhuri wa jina wa baba wa mtoto. Muhuri anautunza mumewe Katsunori, na Katsunori alikuwa ameshasema hapigi.

Fusae akakifungua kijitabu, akakisoma kwa kidole. "Hapana. Hapana. Hapana. Sasa ona! Mtoto alizaliwa mzima. Umeandika mwenyewe."

"Mama, wewe unajua alivyokuwa analia."

"Alilia, nani kakataa? Alikuwa na mdudu wa kilio. Mimi si ndiye niliyempeleka hekaluni akatolewa? Kuhani akamwandika wino viganjani, akamwosha kwa maji ya chumvi, mdudu akatoka. Niliona kwa macho yangu nyuzi nyeupe kwenye ncha za vidole."

Zilikuwa nyuzi za taulo. Mikako alilijua hilo siku ileile, maana taulo lilikuwa lake. Lakini mkwe gani atamwambia hivyo mama wa mumewe?

"Tangu siku ile kimya," Fusae akaendelea. "Kwa hiyo usiniletee habari za tangu utotoni. Haya yameanza shuleni, na yanaendelea kwa sababu ya kudekezwa. Mtu akisema tumbo, unampa uji. Mimi ningempa ufagio."

Mlangoni, Chinatsu akavua kile kiatu kimoja, akakipanga sawasawa na mwenziwe, na kupita kwenda chumbani kwa ncha za vidole. Anatembea hivyo siku zote. Alipokuwa anajifunza kutembea, Mikako alimfundisha hivyo, kwa ajili ya jirani mzee wa ghorofa ya chini: taratibu, chini kuna babu. Akilia: shhh, chini kuna babu. Kabla hajajua kusema "maziwa", mtoto alijua kwamba chini kuna babu.

* * *

Jioni Katsunori alirudi kutoka kiwanda cha skrubu, mikono inanuka mafuta, akakaa kwenye supu yake. Si mtu mbaya, tuseme ukweli. Halewi, hapigi, na Jumapili anafua mazulia. Ila akishashika neno, hata utumie koleo hulitoi.

"Baba Chinatsu, lile suala la muhuri."

"Nimeshajibu."

"Nafasi ni moja."

"Apewe anayeihitaji." Akapuliza supu. "Ukishamwingiza mtoto kule, jina limeshabandikwa. Atakwenda nalo sekondari, atakwenda nalo kazini. Kuna fundi mwenzangu kiwandani, mwanawe aliingizwa hukohuko. Mpaka leo wakimtaja yule fundi wanashusha sauti."

"Kwa hiyo unaogopa kushushiwa sauti?"

"Naogopa kwa ajili ya mtoto!" Katsunori akatazama mlango wa chumba, akapunguza sauti mwenyewe. "Na halafu, kwa ushahidi gani? Unasema ana tatizo tangu mchanga. Hiki kijitabu nani kaandika? Mimi?"

"Ulikuwa Okayama."

"Nilikuwa Okayama natafuta riziki, sikuwa naogelea! Kampuni ilisema nenda mwaka na nusu, nikaenda. Kila Jumapili nilikupigia simu. Nilikuuliza mtoto vipi. Ulisemaje?"

Mikako akapangusa meza iliyokuwa safi.

"Ulisema hajambo. Jumapili sabini na kitu, hajambo. Leo ndiyo unaniambia alikuwa analia saa sita kwa siku. Nimwamini Mikako yupi, yule wa simu au huyu wa hapa?"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, Waswahili walisema. Lakini na aliyekilalia akisema hakina kunguni, tumlaumu nani? Mikako alitaka kumrushia bakuli la figili. Hasira yenyewe hakujua aielekeze wapi. Nusu ilikuwa ya mume na nusu ilikuwa ya mwanamke mmoja wa miaka ishirini na saba, mwenye mwandiko mzuri, aliyeogopa kuandika Ndiyo.

"Keshokutwa nitakuja," akasema Katsunori. "Nimeomba ruhusa. Nitamwonyesha daktari kijitabu, yeye aamue. Akisema kwa kitabu hiki mtoto ana tatizo tangu mchanga, napiga muhuri hapohapo."

"Na asiposema?"

"Jumatatu anakwenda shule, nampeleka mwenyewe. Hata kwa kumbeba."

Akaunywa mchuzi uliobaki, akaosha bakuli lake. Mikako akabaki ameukodolea macho ukurasa. Hata marafiki zake wa wakati ule hakuwaambia, na mama yake mzazi alikuwa ameshafariki. Nani mwingine alisikia? Kuta zilisikia. Na chini ya sakafu kulikuwa na mtu aliyesikia kila kitu, na akapanda kugonga mlango mara nne, daftari mkononi.

* * *

Jengo letu namba tatu lina ghorofa tano na ngazi za saruji ambazo ukikohoa chini, wa juu anakuambia pole. Jumatano saa tano Mikako alisimama mbele ya mlango wa Mzee Ogushi, ghorofa ya pili, na boksi la keki. Miaka minane iliyopita alisimama palepale na boksi kama lile, mtoto analia mgongoni. Ogushi alilitazama boksi na kusema, "Keki haizibi masikio." Na alilichukua.

Akagonga. Kimya. Akabonyeza kengele mara tatu. Mwishowe mlango ukafunguka, na mzee akatokea na fulana ya sufu, mgongo umepinda, kifaa cha kusikia kinaning'inia shingoni badala ya kuwa sikioni.

"Shikamoo, mzee. Ni mimi, Hamaguchi wa juu."

"Nani?"

"Hamaguchi!"

"Takataka za chupa ni Ijumaa," akasema Ogushi, akaanza kufunga mlango.

Mikako akaingiza kiatu. Kwa mwanamke kama yeye, kuingiza kiatu kwenye mlango wa mtu ni jambo la kukumbukwa mwaka mzima. "Mzee! Nimekuja kuomba lile daftari!"

"Daftari gani?"

"Ulilokuwa unaandika mwanangu akilia!"

"Sema kwa sauti, mama. Siku hizi watu wote mnanong'ona."

Mikako akatazama juu, akatazama chini, akavuta pumzi. "NAOMBA LILE DAFTARI LA KELELE ZA MWANANGU!"

Mlango wa mkono wa kushoto ukafunguka kidogo. Ghorofa ya kwanza mtu akazima redio. Ghorofa ya nne Mama Sugimori, ambaye hana kazi nyingine duniani, akaacha kabisa kuigiza kwamba anafagia.

"Unataka kunishitaki?" akauliza Ogushi.

"Hapana!"

"Kamati ya jengo ilisema nisiandike tena. Niliacha."

"Sikushitaki! Nataka ushahidi! MWANANGU ANA TATIZO NA HAKUNA ANAYENIAMINI!"

Loo. Likatoka, likapanda ngazi mpaka ghorofa ya tano, likashuka tena. Mambo ambayo Mikako alikuwa ameyafunika kwa miaka minane kwa mazulia na soksi laini yalisikiwa na kaya ishirini kwa dakika moja. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Uso ulimwaka mpaka masikioni.

Ogushi akamtazama. Kisha akavaa kifaa chake, taratibu, kikapiga mluzi, akakipapasa kikanyamaza. "Ingia," akasema. "Kuna baridi."

Alikuwa mtu wa reli, mwongoza ishara, miaka thelathini na minane kwenye kibanda cha njia panda ya magari-moshi. Kule dakika moja ni uhai wa watu. Daftari lilikuwa kwenye rafu, kati ya madaftari mengine ya jalada jeusi ambamo aliandika hali ya hewa, vidonge vyake, na saa ambayo posta hupita. Akalipangusa kwa kiganja.

"Lote limo," akasema. "Tangu Juni mpaka Septemba ya mwaka wa pili. Sikuongeza hata dakika. Nilikuwa nimekasirika, lakini sikuongeza."

Mikako akafungua ukurasa wa kwanza. *Tarehe 9 Juni. Saa tisa na dakika tano alasiri hadi saa kumi na moja na dakika arobaini.* Akalifunga haraka. Hakuweza kuendelea.

"Keki haizibi masikio," akasema Ogushi, akilitazama boksi. "Nilikuambia hivyo, eti?"

"Ulisema."

"Sikuwa na haja ya kusema." Akalichukua boksi.

* * *

Daktari Iwakiri alikuwa mwanamke wa makamo, soksi zake hazifanani, nywele amezifunga kwa kalamu. Chinatsu alichukuliwa na msaidizi kwenye chumba cha vitu vya kuchezea. Katsunori alikaa katikati, suti ya harusi imembana, na Fusae, ambaye hakualikwa na mtu, akakaa upande wa dirisha, mkoba mapajani.

Katsunori akakitoa kijitabu kwa mikono miwili. "Kila kitu kimo humu, daktari. Mke wangu ni mwandishi mzuri."

Daktari akafunua. "Analala vizuri, ndiyo. Kulia kupita kiasi, hapana. Ugumu katika malezi, hapana." Akafunua tena. "Miezi minne, miezi tisa, mwaka mmoja. Hakuna tatizo popote."

"Ndivyo nilivyosema nyumbani," akasema Katsunori.

"Nilidanganya," akasema Mikako.

Fusae akakohoa.

"Ulidanganya wapi?" akauliza daktari, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu.

"Kote. Pale kituo cha afya, siku ya kupima watoto, aliyeandika Ndiyo alikuwa anaitwa kwa jina na kupelekwa nyuma ya pazia la waridi. Akina mama wote wanatazama. Aliyeandika Hapana anapewa kifurushi cha nepi na kwenda zake. Nilikuwa nimeandika Ndiyo kwa penseli." Akamtazama Fusae. "Mama alikuwa amekaa karibu yangu. Akaniuliza, 'Kwa nini unataka kutuaibisha?' Nikafuta."

"Mimi?" Fusae akaruka. "Nilisema hivyo? Sikumbuki. Na hata kama nilisema, nilisema kwa wema! Mtoto alikuwa na mdudu tu, daktari, na mdudu alitolewa hekaluni tarehe ishirini na tatu Novemba, nina risiti ya sadaka."

"Mama," akasema Katsunori.

Mikako akatoa daftari jeusi, akaliweka mezani. Akaeleza ni la nani. Katsunori akacheka kwa pua. "La yule mzee mkorofi? Yule aliyetaka tuhamishwe? Daktari, huyo alikuwa adui yetu."

"Basi hana sababu ya kuwapendelea," akasema daktari, akavaa miwani.

Alisoma kwa muda mrefu. Mara nyingine alichukua kalamu kichwani na kuandika, nywele zikamwangukia usoni. Kisha akaanza kusoma kwa sauti. "Tarehe 2 Oktoba, jumla saa tano na dakika hamsini. Tarehe 3, saa sita na dakika kumi. Tarehe 4, saa sita kasoro dakika tano." Akafunua. "Mama, ulisema hekaluni ni lini?"

"Ishirini na tatu Novemba," akasema Fusae, kifua mbele.

"Ishirini na tatu Novemba. Saa kumi na mbili na dakika nne jioni hadi saa saba na dakika kumi na tisa usiku. Mzee ameongeza maneno: *Leo ni zaidi ya kawaida.*"

Fusae akafungua mkoba, akaufunga. "Huyo mtu alikuwa na chuki zake," akanong'ona, lakini hakuna aliyemwunga mkono, hata mwanawe.

"Nisikilizeni," akasema daktari. "Watoto wachanga wanalia, na wengi wao wakifika miezi mitatu minne wanapunguza na wanakua salama kabisa. Sisemi kilio ndicho kilichomfanya Chinatsu awe hivi, na sisemi mama alikosea kumlea. Lakini mtoto anayelia hivi hadi amepita mwaka, halali, halafu akiwa mkubwa anaumwa tumbo kwa kelele za darasa, huyo ametuambia kitu tangu mwanzo. Hajaanza shuleni. Anahisi kila kitu kwa nguvu kupita wenzake, na amechoka."

"Lakini siku hizi halii," akasema Katsunori. "Ni mtoto mtulivu. Hata hatua zake huzisikii."

"Alifundishwa na nani kutosikika?"

Mikako akainama. Daktari akarudi kwenye daftari. Alifunua kurasa mbili, akasimama, uso ukabadilika kidogo. "Kuanzia hapa Januari kuna safu mbili. Ya kwanza *mtoto*." Akamgeuzia Katsunori daftari. "Soma ya pili wewe mwenyewe, baba."

Katsunori akalivuta. Mwandiko wa Ogushi ulikuwa mdogo, namba zimenyooka. *Tarehe 16 Januari, Jumapili. Mtoto: saa mbili na dakika arobaini na moja asubuhi hadi saa tano kasoro tano. Mama: saa tano kasoro tano hadi saa tano na dakika ishirini. Sikupanda kugonga.* Akashuka chini. *Tarehe 17. Mtoto: jumla saa tatu na dakika mbili. Mama: dakika arobaini. Sikupanda.* Akafunua. *Mama. Mama. Mama na mtoto pamoja, siwezi kutenganisha.*

Alisoma kurasa nne bila kuinua kichwa. Masikio yalikuwa mekundu.

"Tarehe kumi na sita," akasema mwishowe. "Nilipiga simu siku hiyo. Ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa. Saa tano unusu."

"Ndiyo," akasema Mikako.

"Uliniambia mnakula machungwa."

"Yalikuwepo machungwa."

Katsunori akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa kifuko cha muhuri. Alikuja nao, maana alikuwa ameahidi. Mkono wa mtu anayepima skrubu kwa jicho ulishindwa kuuweka muhuri katikati ya duara. Ukakaa upande, nusu yake haina wino. Akapuliza, akapiga tena juu yake. Fusae alitaka kusema kitu juu ya muhuri uliopinda, akaghairi.

* * *

Ijumaa jioni, fomu ikiwa imeshafika shuleni, waliteremka wote watatu kurudisha daftari. Jibu lingekuja Novemba. Nafasi ilikuwa moja, waombaji wanne, na mwalimu mkuu msaidizi alikuwa amesema kwa asali yake kwamba "tutajitahidi". Mikako hakuwa na furaha yoyote ya kumwambia mtu. Alikuwa amechoka, anaumwa mgongo, na msimamizi wa dukani alikuwa amempunguzia siku za kazi.

Ogushi alifungua mlango mapema zaidi safari hii. Akalipokea daftari, akamwona mtoto nyuma ya mama yake.

"Huyu ndiye?" Akatabasamu, meno mawili. "Kumbe mnamlea vizuri. Mwaka wa tano huu sisikii hata chafya. Mtoto ametulia kabisa."

Hapo ndipo mtu huinama na kusema asante, ni kwa sababu yako, mzee. Mikako akaanza kuinama, kiuno kikagoma. Ikampanda kutoka unyayoni, hasira ya miaka minane, ya pazia la waridi, ya mdudu, ya Jumapili sabini na kitu.

"HAJATULIA!" akasema, na ngazi zote zikasikia. "BADO ANALIA, MZEE! KILA ASUBUHI! NI WEWE TU HUSIKII, NA WENYE MASIKIO PIA HAWAKUSIKIA!"

Redio ikazimwa chini. Ufagio wa Mama Sugimori ukatulia. Katsunori, ambaye ni mtu wa kushusha sauti, akatazama viatu vyake, lakini hakumwambia mkewe anyamaze.

Ogushi alisimama pale akitafuna maneno hayo. Kisha akachukua penseli iliyokuwa nyuma ya sikio, akafungua daftari kwenye ukurasa mtupu wa mwisho, akauegemeza ukutani. Akaandika tarehe. "Kuanzia saa ngapi?" akauliza.

"Saa moja na dakika ishirini," akasema Chinatsu.

Alisema kwa sauti yake ya siku zote, ndogo kama ya mtu aliye chini ya blanketi. Mzee akageuza sikio.

"Nani kasema? Sisikii. Paza sauti, mjukuu wangu."

Chinatsu akamtazama mama yake. Maisha yake yote aliambiwa kinyume cha hilo. Mikako akaitikia kwa kichwa: haya, sema. Mtoto akashusha visigino chini, miguu yote miwili ikakanyaga saruji, akafungua mdomo.

"SAA MOJA! NA DAKIKA! ISHIRINI!"

Sauti ikagonga kuta na kupanda ghorofa zote tano. Mzee Ogushi akalamba ncha ya penseli, akaandika.

"Hadi saa ngapi?" akauliza.